Mtungi wa Mama Mkwe

"Saini ushuke. Usiposaini, kaa huko na kunguru."

Hapo ndipo tulipomwacha Mpimaji wiki iliyopita: juu ya paa la gereji, saa saba mchana, jua la utosi, ngazi imeondolewa. Aliyeiondoa si mwizi wala mtoto mtundu. Ni Mkurugenzi wa Mazingira wa manispaa, mtu mzima mwenye tai na kitambi, na hadi sasa bado ameikumbatia ngazi ile kama mtu aliyekutwa na mlango wa jirani.

Mpimaji hakusaini. Alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja mara nne, akakikalia, kwa sababu zege lilikuwa linaunguza. Kisha akainama kwenye kioo cha sanduku na kusoma namba kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Usisome," alisema Mkurugenzi.

"Mia moja na kumi na tatu."

Aliyekosa magazeti yaliyopita asihangaike. Habari yenyewe ni fupi na ya aibu. Mji umeumuka kila upande kama unga uliozidiwa hamira, magari yameongezeka kuliko barabara, na serikali kuu ikaleta sanduku moja la kupima hewa. Likafungwa stendi kuu ya mabasi, na kwa miaka miwili likasoma uchafu bila kuchoka. Kwa sababu ya namba zake, kila gari la abiria linalazimika kupimwa moshi, na mabasi sitini ya Shemeji, mume wa dada yake Mkurugenzi, yamezuiwa kuingia barabarani. Ni mabasi ambayo waliokuwa nayo kabla yake waliyauza kwa kilo.

Sheria ina tundu moja. Hewa ikisomeka safi siku thelathini mfululizo, upimaji wa lazima unafutwa. Basi Mkurugenzi akafanya jambo aliloliona ni ujanja. Akaling'oa sanduku stendi na kulipandisha mlimani, juu ya gereji ya nyumba yake mwenyewe, kwenye mtaa ambao kila nyumba ina bustani, mbwa, na mwenye nyumba anayeamini kuwa moshi unasoma vibao vya barabara na kugeuza. Na ili asije mtu akalichezea, akaandika kanuni kwa mkono wake: sanduku lisihamishwe, lisizimwe, na likichezewa, au saa moja tu ikizidi mia, hesabu ya siku irudi ya kwanza.

Siku ishirini na saba zilikuwa za mvua na mawingu. Namba zikalala. Ofisini wakaanza kumwita Mkurugenzi "Hewa Safi", naye akaitika bila kuona haya.

Siku ya ishirini na nane likatoka jua, na namba zikaanza kupanda bila kufika mia. Leo ni ya thelathini, na mia imevukwa.

"Sanduku lako limeharibika," alisema Mkurugenzi kutoka chini, na akamwonyesha Mpimaji maua, majani, ukuta mweupe. Akamuuliza huo moshi uko wapi, mbona yeye haoni hata uzi wa moshi.

Mpimaji alikuwa amemweleza mara tatu. Hii ilikuwa ya nne.

"Bosi, moshi wa mabasi ukipigwa na jua unapikika. Unapikwa njiani, upepo unaupandisha huku, ukifika hauonekani. Stendi wanaula mbichi. Ninyi mnaletewa ulioiva."

"Na unaitwaje huo ulioiva?"

"Ozoni."

Mkurugenzi akacheka kwa kitambi chote. Alikuwa na miaka tisa kwenye kiti kile. Alishafungua semina kumi na moja za ozoni, na kwenye zote alikaa mpaka chakula.

"Ozoni ni kitu kizuri, binti. Mimi mwenyewe nimehutubia watu tuilinde."

"Ile ya juu angani inatukinga na jua. Hii ya chini inachoma kifua. Maji nayo ni mazuri, bosi, lakini si ndani ya mapafu."

Akainama tena kwenye kioo. Mia moja na kumi na tano.

Alichokitaka Mkurugenzi ni karatasi moja tu, fomu ya matengenezo. Fundi akisaini kwamba saa fulani sanduku lilikuwa limefunguliwa likitengenezwa, makao makuu, wenye sanduku, wanaitupa namba ya saa hiyo kama ganda la ndizi. Na saini inayokubalika ni ya Mpimaji peke yake, kwa sababu ndiye pekee manispaa nzima aliyesomea sanduku. Nafasi ya pili ya masomo Mkurugenzi alimpa mpwa wake. Mpwa alirudi na begi na kofia.

Akisaini, siku ya thelathini inapita na mabasi sitini yanashuka barabarani. Asiposaini, ameshaambiwa: Jumatatu anahamishiwa kitengo cha makaburi.

"Huko hewa haimdhuru mtu," Mkurugenzi alikuwa amemwambia, na akadhani amesema jambo la kuchekesha.

Sasa, msomaji, geuka kidogo utazame dirisha linalotazamana na gereji. Hicho ni chumba cha Mama Mkwe.

Huyu ni mama mzazi wa mke wa Mkurugenzi. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akiishi bondeni, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na hakuwa na kikohozi. Wakamtoa huko kwa heshima kubwa, wakamleta mlimani apate hewa. Tangu siku hizo, kila mchana wa jua kifua chake kinabana. Daktari alisema ni uzee.

"Uzee gani," aliuliza yule bibi, "unaokuja saa nane na kuondoka saa kumi na mbili?"

Daktari akaandika mtungi wa oksijeni. Binti yake huyo, ambaye ni muuguzi, akaununua na kuuweka kando ya kitanda. Mwezi wote wa mvua bibi hakuugusa. Juzi, jua lilipotoka, alirudi kuuvaa ule mpira wa puani. Mpimaji aliziona saa za kifua cha bibi na saa za sanduku zikipanda na kushuka pamoja kama ndugu pacha. Akamwambia, na bibi akamwamini siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye hakuwa na cheo cha kulinda.

Kwa hiyo bibi alikuwa amekaa dirishani, mpira puani, akisikia kila neno la uani. Pumzi ilikuwa haba lakini masikio yalikuwa mazima.

Hapo ndipo Shemeji alipotoka jikoni akiwa bado anatafuna.

Huyu bwana ana mabasi sitini na leseni moja, ya pikipiki. Pia ndiye mwenye kituo cha ukaguzi wa magari, na njia yake ya kazi inajulikana na kila dereva mjini. Kituoni kuna pikapu moja mpya, nyeupe, inayooshwa kila asubuhi. Wanaiita Mtakatifu. Linakuja basi bovu, karatasi zake zinawekwa mezani, halafu mrija wa kupimia unaingizwa kwenye ekzosi ya Mtakatifu. Mtakatifu anapimwa, basi linabandikwa stika. Moshi, taa na mengineyo, vyote anajibu Mtakatifu. Pikapu ile imefaulu mtihani mara elfu nne kwa majina ya wengine, na haijawahi kubeba mzigo wake mwenyewe. Ila kwa yale mabasi yake sitini makao makuu wanataka kupima moshi wenyewe, stika yake hawaitambui.

Asubuhi hiyo alikuwa amelileta basi la kwanza kati ya yale sitini lipigwe picha saa kumi. Limepakwa rangi mpya, limebandikwa stika mpya, na limeegeshwa kukingama kwenye geti, pua ikitazama barabara ya mteremko. Dereva aliliacha hivyo akaenda zake kula. Kwa nini pua itazame mteremko, utajua baadaye.

"Shem," alisema Shemeji akijifuta mikono kwenye suruali, "mbona unahangaika na saini? Sanduku linapumua, si ndiyo?"

"Linapumua," alikiri Mkurugenzi.

"Basi lipe pumzi safi. Kwangu gari likikosa pumzi linaazimiwa."

Na akageuza macho taratibu hadi kwenye dirisha la Mama Mkwe.

Mkurugenzi alilielewa wazo polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Lilipomfikia lote, hakukasirika. Alitabasamu.

Kuingia chumba cha mama mkwe si jambo la kukurupuka, na kwa hilo Mkurugenzi alikuwa na adabu zote. Alibisha hodi, akasimama mlangoni, akainamisha macho, akaunganisha mikono mbele. Kisha akadanganya kwa heshima kabisa. Alisema mtungi unaonekana unavuja, kuna fundi hapo nje, anaomba aukague dakika chache tu.

Bibi akauvua mpira puani. "Fundi yupi?"

"Shemeji, mama."

"Yule wa mabasi?"

"Ndiye, mama."

Bibi alimtazama mkwe wake muda mrefu. "Chukua, baba. Lakini uurudishe kabla sijauhitaji kuliko ninavyokuheshimu."

Mpimaji aliona kutoka juu mtungi ukitoka nje, Shemeji akiubeba begani kama gogo. Ngazi ikarudishwa ukutani haraka kuliko ilivyoondolewa. Shemeji akapanda akihema, akasimama mbele ya sanduku, na jasho lake likadondoka juu ya kioo.

Mpimaji alijiweka kati yake na mrija. Alimwambia mambo mawili, na aliyasema taratibu ili yasije yakapotea.

"Hiyo ni pumzi ya bibi wa watu. Na ukiliwekea sanduku, litasoma sifuri."

"Sifuri ndiyo tunayoitaka, dada," alisema Shemeji, akamsogeza kwa bega kama pazia. "Kwenye uchafu, mwenye sifuri ndiye wa kwanza darasani."

Mpimaji alitaka kuongeza neno. Akamtazama, akaona anahangaika kuunganisha mrija wa sanduku na mtungi kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya, ulimi umetoka nje kwa juhudi, na akaliacha neno lile lilipo. Ngazi ilikuwa wazi. Kati ya kulinda sanduku na kumlinda mtu, alichagua mtu. Akashuka.

Nyuma yake alisikia koki ya mtungi ikifunguliwa. Haikufunguliwa kidogo. Ilifunguliwa yote, kama ya kujaza upepo tairi la lori.

Chumbani Mpimaji alifunga madirisha, akalowesha kanga kwenye beseni na kuitandaza juu ya pazia, akampandishia bibi mito mitatu mgongoni. Bibi aliuliza kama mtungi umeshakaguliwa. Mpimaji hakuona sababu ya kumdanganya mtu ambaye tayari alikuwa amedanganywa mara moja siku hiyo. Akamweleza yote.

Bibi alijiegemeza kwenye mito.

"Kwa hiyo," alisema, "mkwe wangu kanivua pumzi akalivalisha sanduku."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha.

"Usicheke, bibi. Pumzi inakwisha."

"Nisipocheka nitatukana, mwanangu. Na tusi ninalolitaka ni refu."

Saa nane na nusu simu ya Mkurugenzi ililia barazani. Ilikuwa ya makao makuu. Aliipokea kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi, akavuta tai ikae sawa kana kwamba simu ina macho. Mpimaji aliyaona mabega yake kupitia mlango ulioachwa wazi. Yalianza juu, yakateremka moja moja.

Upande wa pili alikuwa injinia mmoja wa kike, mkavu kama mhogo wa juani. Alisema sanduku la mlimani limesoma sifuri nusu saa nzima. Alisema sifuri haipo. Haipo msituni, haipo katikati ya bahari, haipo popote penye mbingu juu yake. Sifuri maana yake mrija umeziba au kuna mtu kalichezea sanduku. Kama ni matengenezo, ataipokea fomu yenye saini ya fundi kabla ya saa kumi. Kama si matengenezo, hesabu inarudi siku ya kwanza kwa mujibu wa kanuni nzuri aliyoiandika Mkurugenzi mwenyewe, na yeye injinia atakuja na wenzake kutazama limezibwa na nini.

Mkurugenzi aliingia chumbani bila kubisha hodi. Adabu ilikuwa imebaki barazani pamoja na simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema litasoma sifuri."

"Hukusema sifuri ni mbaya."

"Hukuniuliza, bosi. Mlifurahi."

Ndivyo walivyo watu hawa. Walikuwa na saini moja ya kutafuta, wakazunguka mlima mzima kuikwepa, na sasa wamerudi pale pale kwenye saini ile ile, wakiwa na kosa jipya mkononi na muda wa saa moja na nusu.

Lakini baya zaidi lilikuwa bado liko kwenye ngazi.

Shemeji aliingia uani ameushika mtungi kwa mkono mmoja, akiuning'iniza. Alipokuwa akiupandisha alikuwa ameinama kwa uzito. Mpimaji aliliona hilo kabla ya mtu mwingine. Alitoka mbio, akaunyakua, akatazama mshale wa kipimo. Ulikuwa umelala kwenye wekundu. Akafungua koki. Mtungi ulipiga mwayo mfupi, halafu kimya.

"Uliufungua wote?"

"Si mlitaka hewa safi?" alisema Shemeji. "Nimewapa."

Alikuwa amewapa kweli. Sanduku lilikuwa limevuta tone, na iliyobaki yote ilitokea pembeni mwa ule mpira wa baiskeli na kupotea juu ya mlima, ambako haikumfaa mtu.

Kufikia hapo midomo ya bibi ilikuwa na rangi ya majivu, na kucha zimeanza kuwa za bluu. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, moja fupi, nyingine fupi zaidi. Mpimaji alisema hospitali, sasa hivi. Hospitali iko bondeni, ng'ambo ya stendi. Mkurugenzi alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa gari lipo lakini limekwama kwenye foleni ya mabasi. Gari lake mwenyewe, refu, jeusi, la kiyoyozi, lilikuwa ndani ya gereji. Mbele ya gereji kuna geti. Kwenye geti kuna basi.

Wote wakamgeukia Shemeji, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Shemeji aliutoa. Akauinua juu kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akachukua ile fomu ya matengenezo kutoka kwa Mkurugenzi, akaisogeza kwa Mpimaji pamoja na kalamu.

"Saini kwanza," alisema. "Basi langu halisogei hapa bila karatasi hii. Mabasi hamsini na tisa yananisubiri bandarini."

Hata Mkurugenzi aliona haya. Nasema hata yeye. Alitazama chini kwenye viatu vyake, akabaki huko.

Mpimaji alimtazama bibi, ambaye alikuwa amejikokota hadi mlangoni na kushika mwimo wake kwa mikono miwili. Alitazama geti. Alijua anachokiweka kwenye karatasi ile. Mabasi sitini, kila siku, kila jua, yakipika kifua cha bibi huyu na vifua vingine vyote vya mlimani ambavyo havijui kwa nini vinabana. Na upande wa pili kulikuwa na pumzi kumi, labda ishirini. Akapokea kalamu. Akaegemeza fomu ukutani. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Mkono mwembamba ukapita mbele yake na kuichukua fomu.

Bibi aliitazama karatasi ile juu, akaitazama chini, akakaa kwenye kizingiti. Kisha akaikunja kati na kuanza kujipepea nayo.

"Usisaini, mwanangu," alisema, na kila neno lilikuja peke yake. "Ukisaini, nitapona leo... nife kesho... na mabasi sitini nyuma yangu."

"Mama, rudisha hiyo karatasi," alisema Shemeji.

Bibi hakumtazama. Alimgeukia mkwe wake, na sauti yake ikawa ya upole, ule upole ambao mtu mwenye akili huukimbia.

"Baba. Mwanangu anatoka kazini saa kumi na moja. Atauliza mama yuko wapi. Umeshapanga... utamjibu nini?"

Hakuna semina iliyowahi kumfundisha Mkurugenzi chochote, lakini swali hilo lilimwingia lote kwa mara moja. Akilini alimwona mkewe akishuka kwenye gari na sare yake nyeupe. Aliuona mtungi mtupu. Akamrukia Shemeji, na wale watu wawili wenye vitambi wakagombania ufunguo kwenye maua hadi wakavunja chungu kimoja. Mkurugenzi akaibuka nao, tai iko mgongoni.

"Endesha," alimwambia Shemeji, akimtupia. "Endesha, au dada yangu atasikia habari hii leo hii."

Shemeji alisema yeye si dereva. Mkurugenzi alisema yeye mwenyewe hajashika gia tangu apate dereva wa ofisi, na dereva wa ofisi leo yuko mapumzikoni na ufunguo wa lile gari jeusi. Basi akapanda Shemeji.

Mpimaji alimbeba bibi mgongoni. Hakuwa mzito. Alimkalisha kiti cha mbele karibu na mlango, akafungua dirisha, akakaa kando yake akimshika. Bibi alikuwa bado na fomu mkononi, anajipepea.

Shemeji akazungusha ufunguo. Basi likakaa kimya. Akazungusha tena. Likatoa mlio mdogo kama wa chura aliyekanyagwa.

"Haliwaki," alisema Mpimaji.

"Huwa linasukumwa," alisema Shemeji, bila aibu yoyote. "Ndiyo maana linaegeshwa hivi."

Kumbe ndiyo sababu ya pua kutazama mteremko. Mkurugenzi wa Mazingira akazunguka nyuma, akaweka mikono miwili kwenye bati, viatu vyake vya kung'aa vikateleza kwenye kokoto, akasukuma. Basi likajikuna, likasogea shibri, likasogea hatua. Likatoka getini. Mteremko ukalipokea.

Shemeji akaachia klachi. Injini ikakohoa mara moja, mara mbili, ikashika. Wingu jeusi likatoka nyuma, zito kama blanketi, na kumfunika Hewa Safi kuanzia tai hadi viatu. Mara ya mwisho Mpimaji kumwona kwenye kioo cha pembeni, alikuwa amepiga magoti katikati ya mtaa wake wa mabustani, akikohoa. Moshi ule uliobaki ukaanza kupanda, taratibu, kuelekea kwenye sanduku.

"Ameonja mbichi," alisema bibi.

Basi likapita nyumba ya kwanza yenye mbwa, ya pili, ya tatu. Upepo wa dirishani ulimpa bibi nafuu kidogo, na Mpimaji akahesabu pumzi zake, akaona zinaongezeka urefu. Dakika sita hadi hospitali. Wangefika.

Ukuta wa shule ukapita. Ukapita upesi.

"Mwanangu," alisema bibi, "mbona huyu hapunguzi?"

Mpimaji akamtazama Shemeji. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na kila ukishuka ulifika sakafuni bila kukutana na kitu.

Kwenye kioo cha mbele stika mpya iliwaka juani, na maandishi yake yalionekana kwa nyuma. Moshi, umefaulu. Taa, zimefaulu. Breki, zimefaulu.

"Breki zilipimwa?" aliuliza Mpimaji.

"Zilipimwa," alisema Shemeji.

"Kwenye gari gani?"

Shemeji akakanyaga tena. Bibi akaacha kujipepea. Chini yao barabara ilinyooka yote, bila tuta, bila kona, hadi stendi kuu, ambayo saa tisa mchana huwa imejaa watu.